Kengele ya mbuzi mlangoni

Mbwa mdogo ana kibofu kidogo. Ni jambo rahisi kulisahau unapomwona ndani ya kikapu, macho ya kuomba, masikio makubwa kuliko kichwa. Shemeji alipomleta nyumbani Tabata akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, watoto walimwita Popo kwa ajili ya masikio hayo. Wiki haijaisha alikuwa ameshakojoa chini ya meza, kwenye zulia, nyuma ya friji, na mara moja ndani ya kiatu cha mgeni.

Kwa nyumba nyingine hilo lingekuwa suala la dekio na sabuni. Kwetu lilikuwa zito kwa sababu mbili. Dada ana mtoto wa miezi minane ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kutambaa, na kila anachokiokota sakafuni kinaishia mdomoni. Halafu kibaraza tunachangia na Bibi, mpangaji mwenzetu, Mdigo wa Tanga, ambaye jioni kukiwa na joto huswali hapo nje. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kilichoguswa na mate au mkojo wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Bibi hakugomba. Alikunja mkeka wake akahamia chumbani, basi. Dada aliona aibu kuliko ambavyo angeona kama angegombezwa. Usiku ule akatoa muda: wiki tatu, mbwa ajue kwenda nje, la sivyo arudi alikotoka.

Mimi huandika habari za afya, kwa hiyo nilikuwa na wasiwasi wangu pia. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa tayari wana minyoo, waliyoipata kwa mama wakiwa tumboni, na wengine huipata kwenye maziwa. Mayai ya mnyoo mmoja wa aina hiyo, Toxocara canis, hutoka na kinyesi, na mtoto akiyameza anaweza kuathirika ini, mapafu, hata jicho. Lakini kuna habari njema ambayo wazazi wengi hawaambiwi: mayai hayo hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji kati ya wiki moja na nne kukomaa kwenye udongo. Mbwa akijisaidia mahali pamoja, na mtu akazoa kila siku, njia hiyo umeikata kwa sehemu kubwa. Mkojo nao una yake. Wengi wanakumbuka homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Vijidudu vyake huenezwa na mkojo wa wanyama, panya hasa, na mbwa naye anaweza kuvibeba. Kwa hiyo kabla ya mafunzo yoyote Popo alikwenda kwa daktari wa mifugo, akapata dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu.

Sasa, kwa nini kengele? Mbwa huonyesha mapema kwamba amebanwa. Huacha mchezo ghafla, hunusa sakafu kwa haraka, huzunguka mahali pamoja, au huenda kusimama karibu na mlango. Taabu ni kwamba mbwa mdogo hufanya yote hayo chini kabisa, kwa nusu dakika, na nyumba yetu ina feni, televisheni na watoto. Wapo wanaomfundisha mbwa abweke akitaka kutoka. Kwa nyumba ya kupanga siwashauri. Mbwa mdogo akishagundua kwamba kubweka kunafungua milango, mtaa mzima utajua.

Nilinunua kengele ya mbuzi, moja, kubwa kuliko ngumi ya mtoto. Njuga ndogondogo zinapendeza zaidi lakini zinang'oka, na mtoto anayetambaa anaweza kupaliwa nazo. Kamba ndefu pia ni hatari shingoni. Tuliifunga kwa ukanda mfupi wa ngozi kwenye mlango wa wavu wa uani, usawa wa pua ya Popo.

Mwalimu wake alikuwa mtoto mkubwa wa dada, mwenye miaka saba. Siku mbili za mwanzo alishika kengele mkononi akiwa amepaka tone la mchuzi wa maini. Popo akinusa, kengele inalia, anapewa kipande cha ini la kuku kisichozidi punje ya maharage. Siku ya tatu ikatundikwa mlangoni, na hapo utaratibu ukabadilika: kengele ikilia hapewi ini tena, anafunguliwa mlango papo hapo, anapelekwa moja kwa moja chini ya mpapai. Ini analipata kule, mara tu amalizapo. Ukichelewa hadi mrudi ndani, atadhani amelipwa kwa kurudi ndani.

Alitolewa kila alipoamka, kila alipokula, kila baada ya kucheza, na katikati kila baada ya saa mbili. Wafugaji wana kipimo chao, kwamba mtoto wa mbwa huweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Kwa mbwa wadogo mimi ningepunguza kidogo. Mwalimu wetu alikuwa na daftari la hesabu ambamo aliandika saa na kilichotokea, kwa tahajia yake mwenyewe, na lilitusaidia kuliko ushauri wa wakubwa. Humo ndimo tulimoona kwamba ajali karibu zote zilitokea jioni, wakati sisi sote tuko jikoni.

Shemeji alitaka achapwe. Kwao, alisema, mbwa alichapwa na akajifunza. Nilimbishia. Mbwa anayechapwa au kusuguliwa pua kwenye mkojo hujifunza kwamba kukojoa mbele ya watu ni hatari, akatafuta nyuma ya friji, na hatathubutu kukojoa nje ukiwa umemsimamia. Tulifuta, tukaosha, tukamalizia kwa siki. Dawa za kusafishia zenye amonia tuliziacha kwa sababu harufu yake inakaribiana na ya mkojo, naye humrudisha palepale.

Bibi alikuwa akitazama yote haya akiwa mlangoni kwake. Siku moja alicheka. Ana mjukuu wa miezi mitano ambaye humpakata kwa namna yake, miguu imetanuliwa, kisha humlilia "sssss" taratibu hadi mtoto akojoe kwenye beseni. "Huyu hajui kusema," akaniambia, "lakini akitaka hujipinda hivi. Nami nikiona hujibu. Nisipojibu mara mbili tatu, ataacha kujipinda." Nilimwambia jambo hilo limeandikwa vitabuni. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wao kuhusu Wadigo, wakaeleza kwamba watoto huanza kufundishwa katika wiki za kwanza za maisha na huwa wakavu usiku na mchana wakifika miezi mitano au sita. Bibi hakushangaa. Aliuliza kama watafiti hao walilipa kitu.

Simfananishi mtoto na mbwa, Bibi asingenisamehe. Lakini kuanzia siku ile tuligawana zamu, na jioni mtu mmoja hakuingia jikoni mpaka chakula kiive. Kengele ikilia, mtu anainuka. Hata kama Popo katoka dakika kumi zilizopita, hata kama ni taarifa ya habari.

Wiki ya pili akaanza kutuchezea. Alipiga kengele akawafukuze mijusi. Tulimfunga mkanda, tukampeleka mpapaini, tukasimama dakika tano bila kumsemesha, tukarudi. Hakuna kukojoa, hakuna mijusi. Siku tatu nne za namna hiyo zilimtosha.

Siku ya kumi na tisa, saa tano usiku, taa zimezimwa, kengele ililia mara moja. Dada ndiye aliyeamka. Nilisikia komeo, kisha kimya, kisha sauti yake ya chini akimwambia, "Haya, vizuri." Habari ya wiki tatu haikutajwa tena. Kibaraza tulikiosha kwa jinsi Bibi alivyotuelekeza, na Popo hapiti huko. Njia yake ni uani. Mkeka ulirudi Ijumaa iliyofuata.

Tatizo lililobaki ni kwamba usawa wa pua ya mbwa ndio usawa wa mkono wa mtoto anayetambaa. Juzi mtoto aliikamata kengele akaitikisa kwa nguvu zake zote. Popo akaja mbio kutoka chumbani, akasimama mlangoni anangoja. Kaka mtu akafungua wavu, nami nikawafuata wote watatu hadi mpapaini.