Dakika Tatu

Darasani niliikariri kanuni kama namba tu: ndege nyepesi, isiyozidi kilo 7,000, ikiruka nyuma ya ndege nzito ingoje dakika 2, ikianzia katikati ya njia ya kurukia, dakika 3. Nilipoanza kurusha ndege ndogo ya Caravan kati ya Dar es Salaam na Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1990, dakika hizo niliziona ni adabu ya mdogo kumpisha mkubwa.

Njia ya kurukia ya Dar ina mita 4,600. Caravan haihitaji hata robo yake, kwa hiyo tulizoea kuingilia katikati. Alasiri moja tuliruka hivyo nyuma ya ndege kubwa ya Ulaya. Tulingoja, lakini si vya kutosha. Hewa ilikuwa shwari. Tukiwa futi kama 200, bawa la kushoto likaanguka. Nikazungusha usukani kulia hadi ukagota. Ndege ikazidi kulalia kushoto. Kisha tukatemwa, ghafla kama tulivyomezwa. Nyuma yangu abiria mmoja alikuwa akisoma dua kwa sauti.

“Bwana mdogo,” kepteni aliniambia tulipotua, “usidhani ule ni upepo wa injini. Lile ni bawa.” Akanichorea nyuma ya karatasi ya mizigo visulisuli viwili vikitoka kwenye ncha za mabawa. Vinazaliwa ndege kubwa inaponyanyua pua, na sisi tulioanzia katikati tunaachia ardhi mbele ya hapo, humo humo ndani. Vinashuka futi 300 hadi 500 kwa dakika, na upepo wa bahari wa alasiri unavisukuma kushoto, upande ule ule tunaokata kwenda Unguja.

Novemba 2001 Airbus A300 iliruka New York nyuma ya Boeing 747, ikaanguka, watu 265 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani, akipambana na msukosuko, alikanyaga pedali kwa nguvu kupita kiasi hadi mkia wa wima ukang'oka. Niliyasoma hayo nikiikumbuka mikono yangu.

Kanuni nazo zimesogea. Ndege kubwa mno ya Airbus A380 ilipewa daraja lake peke yake, na mwaka 2020 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ikaleta makundi 7 ya ndege yanayozingatia uzito pamoja na upana wa mabawa. Nilifurahi sana kuona mabawa yametajwa. Niliukumbuka ule mchoro.

Mimi sasa naomba mwanzo wa njia. Naweka jicho pale ndege kubwa iliponyanyua pua, na magurudumu yangu huachia ardhi kabla ya hapo. Kwa kuwa ndege hiyo hupanda haraka kuniliko, naomba kukata kulia kwanza, kuuelekea upepo, ndipo nizunguke kwenda Unguja. Tukiwa bado tumesimama huwageukia abiria na kuwaambia tunangoja hewa itulie. Wanachungulia dirishani, hawaoni kitu.