Tuliyojifunza Katika Theluji ya Wirth

Sisi tuliokulia penye jua tulidhani theluji ni ya kutazamwa dirishani tu. Tulipohamia Minneapolis, Marekani, kwa kazi ya uuguzi, majira ya baridi yalikuwa ni kazini, nyumbani, blanketini.

Mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani akaanza kunyamaza. Simu hapokei, chakula hataki, mchana kutwa amelala. Dalili hizo tunazitambua kila siku kwa wagonjwa, lakini kwa dada yetu tulizipita. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa huzuni, ambao humpata mtu jua linapopungua. Pamoja na dawa, alitakiwa atoke nje mchana na kuufanyisha mwili kazi. Tukaamua hatatoka peke yake.

Hivyo sisi watatu tukafika Theodore Wirth, bustani ya umma iliyo kubwa kuliko zote jijini humo. Hapo, Februari 2024, walishindana wanaskii bora wa dunia, na Jessie Diggins, aliyekulia Afton katika jimbo hilohilo la Minnesota, akawa wa tatu katika kilomita 10. Mwaka huo theluji ya mbinguni ilikuwa haba, ikabidi mashine zitengeneze nyingine. Njia zake hupita vilimani katikati ya miti, na jioni taa huwashwa.

Siku ya kwanza tulianguka kama watoto wanaojifunza kutembea. Skii ni ndefu na nyembamba. Kiatu hufungwa ncha tu, kisigino kikiwa huru. Unaegemea mguu mmoja, unateleza, kisha mwingine, huku mikono ikisukuma kwa fimbo. Jasho hutoka hata katika nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa hiyo usivae pamba ndani, maana ikilowa hukaa na unyevu na kukupoza. Vaa sufu, na juu yake nguo nyepesi kadhaa. Mwendo mzuri wa mazoezi ni ule unaokuruhusu kuongea. Nasi tuliongea sana!

Lengo letu lilikuwa Prince Haakon, mbio za kilomita 15 katika wiki ya American Birkebeiner huko Hayward, Wisconsin. Jina hilo lina kisa. Mwaka 1206, wakati wa vita nchini Norway, wapiganaji wawili walimvusha mtoto Haakon milimani kwa skii wakamwokoa. Baadaye akawa mfalme. Katika mbio za Birkebeiner za Norway, washindani kwa desturi hubeba mgongoni mzigo usiopungua kilo 3.5 kumkumbuka mtoto huyo. Sisi wa kanga tumebeba wazito zaidi!

Jumamosi moja mwenzetu aliketi katikati ya kilima akalia. "Niacheni, dada zangu. Nendeni." Tukavua skii, tukaketi naye thelujini. Hatukumhubiria. Baadaye akasema, "Baridi inauma. Twendeni." Tukapanda polepole.

Siku ya mbio tulimaliza pamoja, karibu na mkia. Bado anamwona daktari wake, lakini siku hizi yeye ndiye anayetupigia simu asubuhi tukichelewa.

Je, mama, katika kikundi chenu ni kiti cha nani kimekuwa kitupu? Hata kama kwenu hakuna theluji, mpitie leo, mtembee naye.