Ushuhuda Wangu wa Uongo

Mwaka 2016 nilisimama mbele ya watu wapatao mia mbili, katika kanisa moja la Dar es Salaam, nikashika maikrofoni nikasema mama yangu amepona presha. Vigelegele vikapigwa. Mpiga kinanda akapandisha sauti. Mchungaji akaniuliza, "Kabisa kabisa?" Nikajibu, "Kabisa, baba mchungaji. Hata daktari ameshangaa."

Hakukuwa na daktari aliyeshangaa. Mama alikuwa amepima presha mara moja zahanati, kule Tukuyu, ikaonekana iko sawa, kwa sababu alikuwa anameza vidonge vyake kila siku bila kuruka. Akanipigia simu kunipa habari, nikafurahi, na ilipofika Jumapili habari ikawa imekua mdomoni mwangu. Hakuna aliyenilazimisha. Ila si unajua, ndugu msomaji, ibada zile zilivyo: kila mtu ana muujiza wake, na wewe umekaa benchi la nyuma miezi minane huna hata mmoja.

Wakati huo nilikuwa naitafuta kweli, au ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nimemaliza chuo na maswali tele. Nilisoma vitabu vya watetezi wa imani, nikabishana vijiweni na rafiki zangu Waislamu, nikabishana na wasioamini kwenye makundi ya WhatsApp hadi usiku wa manane. Zile njia tano za Thomas Aquinas za kuonyesha kuwa Mungu yupo nilizikariri kama shairi la darasa la nne. Kweli kwangu ilikuwa kitu cha kumshindia mtu. Na mtu huyohuyo ndiye aliyepanda jukwaani akadanganya kwa jina la Mungu, akashuka, akashikwa mikono ya pongezi.

Ushuhuda ule ulirekodiwa. Binamu yangu akamtumia shangazi, shangazi akampelekea mama simu aone mwenyewe. Mama hakunipigia kuniuliza. Aliacha dawa.

Hilo nilikuja kulijua miezi minne baadaye, alipoanguka shambani kwenye migomba na mkono wa kushoto ukagoma. Presha haiponi kwa kipimo kimoja kizuri. Vidonge vinaishusha, ukiviacha inapanda kimyakimya, mtu hasikii maumivu popote, mpaka siku mshipa unapoziba au kupasuka kichwani. Nesi alipouliza aliacha lini dawa, mama alinitazama mimi kwanza, kisha akamjibu, "Nilipopona."

Wiki zile za kumuuguza nilikuwa na kitabu kimoja begini, Maungamo ya Augustino, nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mtumba kwa sababu mbaya: nilitaka hoja zaidi. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mahali ambapo leo ni Algeria. Alikuwa mwalimu wa ufasaha, yaani kazi yake ilikuwa kufundisha watu kusema wakaaminika. Karibu miaka tisa alikuwa na wafuasi wa Mani, anatafuta kweli, anamsubiri askofu wao Fausto aje amjibu maswali yake. Fausto akaja. Kumbe ni msemaji mtamu tu, majibu hana. Hapo nilicheka peke yangu wodini.

Kilichonikamata kilikuwa mbele kidogo. Mwaka 383 Augustino alitaka kuondoka Karthago aende Roma, na mama yake, Monika, hataki kuachwa. Basi akamdanganya, eti yuko na rafiki tu anayesubiri upepo wa kusafiri. Akamshawishi mama alale karibu na pale, kwenye kikanisa cha ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani. Usiku ule, mama akiwa anasali, mwana akaondoka na meli.

Nilikisoma kipande kile huku mama amelala, mkono wake wa kushoto uko juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

Na Augustino aliyaandika hayo akiwa askofu tayari! Waumini wangeridhika na ushuhuda wa ushindi. Yeye akawapa wizi wa mapeasi alipokuwa kijana, akawapa na uongo aliomwambia mama yake. Tena kitabu kizima anaongea na Mungu; sisi wasomaji tunasikilizia pembeni. Katika vitabu vyangu vya hoja sikuwahi kuona mtu akiongea na Mungu. Waliongea habari zake.

Kiswahili chetu kinalitenganisha jambo hili kwa herufi moja. Kuna kujua kwamba Mungu yupo, na kuna kumjua. Na mtu unayemdanganya huwezi kujuana naye, maana anayekaa naye si wewe, ni yule uliyemtunga. Mimi kwa Mungu nilikuwa nimempeleka kijana wa kutunga, mwenye majibu na miujiza, halafu nalalamika mbona simsikii.

Siku ya tisa nilimwambia. Alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kulia.

"Mama, ule ushuhuda nilidanganya."

"Daktari hakushangaa?"

"Hakukuwa na daktari, mama."

Akaweka kikombe chini. "Nilijua, mwanangu. Mimi si ndiye ninayepima?"

"Sasa kwa nini uliacha dawa?"

"Ulishasema madhabahuni. Nikaona nikiendelea kumeza, nitakuwa nimekufanya mwongo mbele za Mungu."

Sijapata jibu la maneno yale hadi leo. Kule kanisani nilirudi kuomba nafasi nisahihishe. Nikaambiwa tutapanga siku, na siku haikupangwa. Sasa nikiwa Tukuyu nasali na mama katika kanisa lake la Kimoraviani, ambako ushuhuda ni nadra na nyimbo ni ndefu. Nasali maneno machache. Yakianza kunoga, nanyamaza.

Video bado inazunguka. Mwaka jana mama mmoja wa Songea aliipata namba yangu, akaniandikia akitaka kumjua mchungaji aliyemwombea mama, maana mume wake ana presha. Nikamwandikia yote, pamoja na habari ya mkono wa kushoto, nikamsihi mume asiache vidonge. Alama mbili za buluu zikatokea. Hajanijibu.