Kabla Utosi Haujafunga

Wazazi wanaofika msikitini kwetu Buguruni kumwombea dua mtoto mchanga, ambaye kichwa chake kinakua kupita kiasi, huuliza kama ni jini. Nami huwauliza: ameshapigwa picha? Aghalabu ni maji kichwani. Mara chache ni maradhi ya kuzaliwa nayo, yaliyopewa jina la Galen, yule tabibu Jalinus wa vitabu vyetu: ateri humwaga damu moja kwa moja katika mshipa wa kina ubongoni, mshipa hutanuka, moyo huelemewa. Utosi ungali laini, ultrasaundi huona ndani bila kisu wala mionzi. Kisha MRI huonesha njia za damu. Mlango huo hufunga, kwa kawaida kabla ya miezi 18. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Basi tumsomee mtoto Qur'ani, tukiwa njiani kwenda Muhimbili.