Kutoka Kwenye Ukoka Hadi Kwenye Pampu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mashine ya kukata nyasi pale Moshi ilikuwa kitu cha misheni, shule za bweni na mashamba makubwa ya kahawa. Wengine wote tulishika fyekeo. Baba aliipata ya kwetu ikiwa mbovu, kwa bei ya chuma chakavu. Injini yake ilikuwa Briggs & Stratton ya silinda moja, yenye bodi ya aluminiamu. Kiwanda hicho cha Milwaukee, Marekani, kilianza kuunda injini za aina hiyo mwaka 1953, na kwa wepesi wake mtu mmoja aliweza kuibeba kutoka uani hadi kwenye benchi barazani.

Spea hazikuwepo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni zilikuwa haba, hata sabuni ilipangiwa foleni. Nani angeagiza gasketi ya mashine ya nyasi? Gasketi ya kabureta tuliikata wenyewe: unalaza karatasi ngumu juu ya uso wa chuma, kisha unagonga kingo polepole kwa nyundo ndogo mpaka chuma chenyewe kiikate karatasi kwa umbo lake. Halafu kulikuwa na pointi, zile ncha mbili zilizofichwa chini ya flaiwili, ambazo kila zikiachana plagi hutoa cheche. Zilitakiwa ziachane milimita 0.5. Filagauji hatukuwa nayo, lakini wembe wa kunyolea una unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo baba alibandanisha nyembe tano akazipitisha katikati. "Zipite zikikwaruza kidogo, mwanangu," alisema. "Zisilazimishwe, wala zisicheze."

Kuifungua injini ile hakukumsumbua mtu. Ugumu ulikuja wakati wa kuifunga. Ringi za pistoni zina mianya, na mianya hiyo ikikaa mstari mmoja mgandamizo unavuja. Giya ya krenki na ya kamshafti zina alama ambazo lazima zikutane. Ukikosea jino moja tu, valvu zitafunguka wakati usio wake. Kofia ya konrodi irudi kwa upande ule ule iliotoka nao. Bolti za silinda hedi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa kuzizungukia tena na tena, la sivyo hedi inapinda. Baba alipanga vipande juu ya kanga kuukuu kwa mfuatano wa kuvitoa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuruka kanga ile.

Lakini kipande alichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa kii ya flaiwili, kidogo hata ukikiangusha kwenye majani hukioni. Kwenye mashine ya nyasi krenki husimama wima: juu imebeba flaiwili, chini imebeba kisu. Kisu kikigonga jiwe, krenki husimama ghafla ilhali flaiwili bado inataka kwenda. Kii inayozishikanisha imetengenezwa kwa madini laini makusudi, ili iumie yenyewe krenki isalimike. Ikikatika kabisa utajua. Ikiumia kidogo tu, flaiwili inasogea upana wa kucha, cheche inaharibika, na injini inakuwa ngumu kuwaka. Mafundi wengi walikimbilia kuosha kabureta. Baba alianza na kii. Wako pia waliochonga nyingine kutokana na msumari wa chuma, ngumu isiyokatika, na wakajiona wamemaliza tatizo. Hilo alilikataa katakata: jiwe litakalofuata lingepinda krenki yenyewe, na krenki ungeitoa wapi?

Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na baada ya muda spea zikaanza kuonekana madukani, pamoja na koili isiyohitaji pointi ambayo kiwanda kile cha Milwaukee kilikuwa kimeileta mwaka 1982. Wapo wanaozisikitikia pointi. Mimi sizisikitikii. Kila masika zilishika unyevu, na oili ikizifikia zilikataa kazi. Koili ilituachia kipimo kimoja tu, nafasi ya milimita 0.25 hivi kati yake na sumaku ya flaiwili, na kadi nene ya posta ilitosha kuipima.

Ukoka wenyewe ulipungua. Viwanja vimejaa nyumba, nyua zimewekwa vigae vya saruji, na bustani zilizobaki zinakatwa na vijana wenye mashine za kuvaa begani. Injini ndogo, hata hivyo, zimezidi kuwa nyingi, ila zimehamia kwenye pampu za maji. Honda ilitoa injini zake za GX mwaka 1983, valvu zikiwa juu kwenye hedi, na umbo hilo limeigwa kiasi kwamba leo ringi, gasketi na konrodi zake unazipata dukani bila kuagiza. Kwa hiyo simwelewi anayemwambia mkulima atupe injini nzima kwa sababu ya ringi. Kama silinda haijakwaruzika, ifunguliwe.

Kwenye tambarare za kuelekea Kahe ninazitengeneza hizo pampu. Nyingi zina kihisio ndani ya bodi kinachokata cheche oili ikipungua, kwa kuwa injini hizi hazina pampu ya oili. Kijiko kilichoko kwenye konrodi ndicho kinachoirusha. Mkulima huiweka pampu kwenye ukingo wa mfereji, imeinama, oili inakimbilia upande mmoja, injini inazima. Anakuja fundi, anakata waya wa kihisio, maji yanatoka, analipwa. Wiki chache baadaye konrodi inavunjika na kutoboa bodi, na hapo hakuna ringi itakayosaidia.

Waya huo nimeurudisha kwenye kila pampu niliyoletewa. Kisha namwambia mwenye nayo achimbe mahali tambarare pa kuiweka, na aende shambani na kopo la oili pamoja na dumu la petroli.