Rusinga: Kuizoea Baridi ya Ziwa



Jamaa zetu waliohamia Toronto na Oslo hutuletea picha za theluji na kutusimulia walivyojifunza kuvaa nguo juu ya nguo. Uhamisho wetu haukuvuka mpaka wa Kenya. Kazi ilitutoa Mombasa, tukapanda feri Luanda Kotieno hadi Mbita, kisha tukaingia kisiwa cha Rusinga, kaunti ya Homa Bay. Hata hivyo, nasi ilitubidi kujifunza hali ya hewa upya.

Rusinga iko karibu sana na ikweta, na mtu wa pwani hutarajia joto. Jambo asilolitia hesabuni ni mwinuko. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000. Mchana jua huchoma kama la kwetu. Alfajiri maji ya udhu hukushtua vidole, na leso iliyotutosha kujifunika Mombasa haikutufaa tena.

Zaidi ya baridi, tulipoteza saa na kalenda zetu. Ziwa halijai wala halipwi kama bahari, hakuna bamvua. Kusi na kaskazi hazigawi mwaka kama kwetu, bali upepo hugeuka kila siku: mchana hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hurudi ziwani. Hata jua huchwa dakika 20 hivi baada ya Mombasa, kwa kuwa kisiwa kiko magharibi zaidi. Kibla, ambacho Mombasa ni kaskazini, huku huinamia mashariki kidogo.

Mtoto wetu mdogo alikohoa majuma matatu ya mwanzo. Zahanati walimpima wakasema kifua ni salama, lakini tulikwisha kuanza kuzungumza kumrudisha kwa nyanya yake. Jirani yetu, mama anayeanika omena, alikuja kumjulia hali. Akatazama chumba, akauliza, "Mama, mbona mtoto analala upande unaotoka upepo wa usiku?" Tukahamisha kitanda mbali na dirisha linaloelekea nchi kavu, tukamvika soksi na fulana nzito. Kikohozi kilitulia taratibu, na yale mazungumzo ya kumrudisha hayakuendelea.

Tangu siku ile tukawa wanafunzi wake. Alitufundisha kwamba maji ya ziwa hayaogwi yakiwa mabichi, kwa ajili ya kichocho. Huchemshwa, au huwekwa katika chombo safi chenye kifuniko siku mbili kamili kabla ya kuyagusa. Kwetu sisi kuchemsha kulikuwa na faida mbili, maana watoto waliogopa baridi ya maji kuliko kitu chochote.

Alitufundisha pia kuisoma mvua. Upepo ukigeuka ghafla, ukaja na ubaridi mkali, basi hewa ya wingu la mvua imekwisha kushuka mbele ya mvua yenyewe, na wakati uliobaki ni mchache. Wanawake wa Rusinga wanaoanika samaki hukimbilia nyavu zao papo hapo. Omena walionyeshewa kabla ya kukauka huharibika, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei duni kuwa chakula cha mifugo. Kazi ya usiku mzima hupotea kwa dakika chache. Nasi tulijifunza kutoka mbio kumsaidia kukunja, mmoja huku, mwingine kule.

Usiku ndio uliotutia hofu zaidi. Hewa za nchi kavu hukutana juu ya ziwa lililobaki na joto, radi zikazuka, ilhali wavuvi wako majini na taa zao. Tulipoamka kwa ngurumo tulimkuta jirani amesimama mlangoni akizihesabu taa, kwa kuwa mwanawe alikuwa miongoni mwao. Hapo tulifahamu kwamba baridi tuliyoinung'unikia ilikuwa jambo dogo katika hewa ile ile.

Kitu kimoja hakikubadilika: mwezi. Omena huvutwa kwa taa, hivyo huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mashua hupumzika. Siku tulizozizoea kuzifunga, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ndizo siku ambazo jirani yetu hulala bila wasiwasi. Yeye na sisi twautazama mwezi mmoja, kila mtu kwa haja yake.

Basi ndugu msomaji, ukijaaliwa kuhamia Rusinga, au hata kwenye theluji, funga blanketi nzito, kisha bisha hodi kwa jirani wa kwanza. Mwenyeji ndiye aijuaye hewa ya kwao.