Jirani Mwema, Ua Safi

Jirani yangu ni mtu mwema, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mama alipozidiwa usiku wa manane, gari lililompeleka hospitali lilikuwa la kwake, na alikaa nasi kwenye benchi mpaka kukakucha. Msiba ukitokea mtaani, yeye ndiye hushika daftari la rambirambi, na hakuna shilingi iliyowahi kupotea mkononi mwake. Angekuwa mlevi au mtu wa kesi, ningemchukia kwa raha zangu. Sasa nimchukieje mtu wa namna hii? Na huyu huyu ndiye aliyefuta karibu kila kilichokuwa kikiruka, kikitambaa na kulia usiku upande wa pili wa mpaka wetu, kwa nia njema kabisa na kwa fedha yake halali.

Tunaishi juu kidogo ya mji wa Moshi, barabara inapoanza kupanda kuelekea Kibosho. Kabla viwanja havijapimwa, hapa palikuwa kihamba: migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi kando ya mfongo wa maji, na juu ya vyote miti mikubwa ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliipanda, au kama ilipandwa. Kipande alichonunua jirani yangu alipostaafu na kurudi kutoka Dar es Salaam kilikuwa bado na mringaringa mnene, mkuyu mmoja, na masale yaliyokizunguka pande zote. Mringaringa ukichanua, mti mzima huwa mweupe, na ukisimama chini yake unasikia nyuki kuliko unavyosikia barabara. Makuyu yakiiva, hondohondo walikuwa wakija wawili wawili, mbawa zao zikivuma kiasi cha kumwamsha aliyelala mchana.

Mwaka 2006 mwanaikolojia Mjerumani, Andreas Hemp, alichapisha utafiti wake kuhusu vihamba vya Wachaga. Alikuta humo aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati yake hazikuwa mazao ya mtu yeyote. Miaka mitano baadaye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likakitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa sehemu ya urithi wa kilimo wa dunia. Mimi ile 400 ndiyo inayonirudia kichwani. Kihamba kilitajirika kwa vitu ambavyo bibi zetu waliviona, wakavipita, wakaviacha viote. Na hawakuwa wavivu wale. Palizi yao ilikuwa na mahali inapoishia, basi.

Jirani yangu alianza na chenso. Mringaringa ulilala kabla ya saa nne asubuhi; mbao zake ni nzuri, zikapata mnunuzi siku hiyo hiyo. Mkuyu ulichukua muda zaidi na haukumfaa mtu, ukaishia kuwa kuni. Masale yakang'olewa kwa jembe. Ukaja ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu, pevingi kutoka getini hadi barazani, nyasi za kapeti kwenye kipande kilichobaki, na ashoki zilizonyooka mstari mmoja. Ni nyumba nzuri, sitasema uongo. Wapita njia husimama kuitazama.

Siku masale yalipokuwa yamelundikwa barabarani yakisubiri kuchomwa, alipita mzee mmoja wa mtaani, mtu ambaye hata kwenye mikutano haongei. Kwa Wachaga jani la sale huweka mpaka, na ndilo mtu hulichukua mkononi anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Mzee akatazama lundo, akatazama tofali. "Sawa," akasema, "mkikoseana mtapelekeana tofali." Akaenda zake. Jirani yangu alicheka sana, na mimi nikacheka, lakini kwa sababu tofauti.

Watu husema ndege wakikatiwa mti watahamia mwingine. Hondohondo hahami kirahisi hivyo. Jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo hadi kubaki ufa mwembamba, na humo hukaa zaidi ya miezi mitatu, akilishwa na dume kupitia ufa huo. Anahitaji mti mzee wenye tundu, na anahitaji miti ya matunda karibu ya kutosha kumlisha yeye na kinda. Huwezi kumnunulia hayo kwa wauza miche wa kando ya barabara.

Ndege wadogo nao wana mwezi wao mbaya, nao ni Desemba. Kila mtu anajua Desemba ilivyo huku kwetu: magari yenye vumbi la safari ndefu, mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba, wajukuu ambao Kichaga hawakijui. Kabla wageni hawajafika, kila ua lazima ufyekwe na kila mchongoma unyolewe. Bahati mbaya hizo ndizo siku za mvua za vuli, ambapo ndege wengi wana mayai au makinda. Kwanja linapita. Jioni unamwona shore akizunguka juu ya tawi ambalo halipo, mdomoni ana kiwavi, na kwa mbali harufu ya majani mabichi yanayochomwa. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, na hakuna hata mmoja anayedhani amefanya jambo baya. Amesafisha tu.

Nimemuuliza jirani yangu sababu, na majibu yake si ya kijinga. Anataja nyoka, mbu na panya. Ndugu yake wa kuzaliwa aliumwa na nyoka wakiwa watoto, na hadithi hiyo akiisimulia sauti yake hubadilika. Siwezi kumwambia mtu huyo kwamba kichaka ni kitu kizuri. Naweza kumwambia, na nimemwambia, kwamba ukuta ule haumsumbui sana nyoka, ambaye penye upenyo wa kidole anapita, ila umemfungia nje nguchiro, ambaye nyoka na panya ni chakula chake. (Nguchiro pia huiba vifaranga. Hilo simtetei.) Kuhusu mbu, Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakubwa wa malaria katika nchi hii, hutaga kwenye maji yaliyotuama, na anapenda zaidi vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua. Mbu mzima anaweza kujificha majanini mchana, ni kweli, lakini kivuli cha mkuyu hakikuwa kitalu chake. Shimo la barabarani mbele ya geti letu linamfaa zaidi, na hilo hakuna anayelifyeka.

La panya ndilo linaloniuma kuliko yote. Bundi wawili walikuwa wakilala kwenye mringaringa, na familia kadhaa za mtaa huu ziliona afueni walipoondoka, maana bundi akilia juu ya paa la mtu, mtu huyo anaanza kuhesabu wagonjwa wake. Walipoondoka panya wakaongezeka, panya walipoongezeka ikaja sumu. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu kuganda. Panya akila hafi papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa mzito, mlegevu, mawindo rahisi kwa bundi yeyote aliyesalia jirani. Bundi akila panya wa namna hiyo, sumu inahamia kwake. Kwa hiyo mtu anamwua mfanyakazi aliyekuwa akimfanyia kazi usiku bila mshahara, kisha kila mwezi anarudi dukani kununua pakiti nyingine.

Haya yote nayajua, na kwa muda mrefu nilidhani shida ni kwamba yeye hayajui. Sidhani hivyo tena. Tumelelewa na fagio. Shuleni mwanafunzi alitakiwa kuja na fagio Jumatatu na kwanja Ijumaa. Bwana afya akipita alitazama choo, kisha nyasi. Nyumba ambayo nyasi zimefika dirishani hutoa taarifa kwa wapita njia: humu ndani kuna ugonjwa, au ulevi, au mjane asiye na wa kumsaidia. Aliyefanya kazi Dar miaka thelathini, akajenga, akahamia, ana haki ya kutaka ua wake useme jambo jingine. Ninapomwomba aache kona moja iote yenyewe, masikioni mwake namwomba aende kanisani na shati lililochanika. Atakataa, na atakataa akiwa na adabu zake zote.

Ndiyo maana hasira yangu haikuwa na pa kutua. Tumezoea kuamini kwamba uharibifu una mharibifu: mchoma mkaa, jangili, kampuni. Hawa tunajua kuwasema. Ila ukihesabu kipande kwa kipande, sehemu kubwa ya vihamba vya kandokando ya mji huu inaondolewa na watu wanaojiheshimu, kwa jina la usafi, neno ambalo hakuna anayeweza kulipinga hadharani akaeleweka.

Nilijaribu takwimu. Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014, ambao ulifunika mibuni kwa nyavu ili popo na ndege wasiifikie, ukaona kwamba pale walipoachwa huru kahawa iliyoshika iliongezeka kama asilimia 9. Wachavushaji nao, wakiwemo nyuki, waliongeza uzito wa matunda. Nilimsimulia kwa furaha kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, kahawa nimeing'oa." Jibu lake lilikuwa kamili. Takwimu ya zao ambalo mtu hana ni hadithi ya watu wengine.

Kilichosogeza mambo kilitoka kwake mwenyewe. Nyuma ya nyumba alikuwa amepanda miparachichi ya Hass ya kubebeshwa, kama wengi walivyofanya baada ya kusikia bei za wanunuzi wa nje. Ikachanua vizuri, maua yakamwagika chini, matunda yakawa ya kuhesabika. Alikuja jioni moja, amekunja uso, akaniuliza kama nadhani udongo una kasoro. Tukaenda kuitazama. Kijana wa bomba la mgongoni alikuwa akija kupulizia dawa kila wiki asubuhi, saa zile zile ambazo ua la Hass hufunguka likiwa jike, likisubiri mdudu alete chavua. Kesho yake mchana ua hilo hilo hufunguka tena likiwa dume. Bila nyuki na nzi wa kulitembelea, hayo yote ni kazi bure. Na nyuki wa karibu walikuwa wakiishi nje ya ukuta, kwenye maua yangu, na wakivuka kuja kwake wanakutana na dawa.

Sikumhubiria. Nilimweleza saa za ua kufunguka, nikamwonyesha kwa kidole maua yaliyo wazi na yaliyofumba, nikamwambia wenye mashamba makubwa huchanganya na aina ya Fuerte kwa sababu maua yake hufunguka kwa zamu ya kinyume. Aliinama akatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyofuata kijana wa bomba hakuja, na msimu wa maua ulipoisha alianza kuja jioni, jua likishazama. Sasa kuna miche miwili ya Fuerte karibu na tangi la maji.

Ningependa kusema nilifurahi tu, lakini kuna kitu kinanikereketa. Nyuki wameokoka kwa sababu wana faida. Komba, ambaye usiku mmoja mmoja bado namsikia akilia kwenye miti ya upande wa kanisa, atamletea nani faida? Hondohondo atauzwa kwa kilo? Nikizoea kutetea kila kiumbe kwa bei yake, siku nitakapofika kwa kisicho na bei nitakuwa nimeshamfundisha jirani yangu kuuliza bei kwanza. Kwa upande mwingine, masale hayarudi kwa kununa. Mtu niliyegombana naye asingenijia jioni ile kuuliza habari za maua. Angemuuliza muuza dawa, naye angemuuzia dawa kali zaidi. Mambo haya mawili yamekaa ndani yangu, na sijui kuyapatanisha, natembea nayo.

Kwa sasa tuna shauri jipya. Mzambarau wangu una tawi nene lililovuka ukuta. Zambarau zikiiva popo huja usiku, ndege huja mchana, na wote wakishiba huacha madoa ya zambarau juu ya pevingi ambayo yeye huiosha kwa sabuni na brashi. Amejitolea kwa moyo mweupe kumleta kijana wa chenso kwa gharama zake, mimi nisitoe hata senti. Nimemwambia tawi halikatwi, ila msimu wote wa zambarau nitakuwa navuka kila asubuhi na fagio langu na ndoo yangu, nioshe mwenyewe. Alicheka, akasema sawa, mwalimu afagie kwake watu waone. Kisha akaonekana kuwaza.

"Na gari je?" akauliza. "Gari nalo utaosha?"

Gari lake ni jeupe. Nimemwomba anipe mpaka Jumapili.